Jina lako lina ng'? Soma hii kabla hujajaza fomu

Ukipita Malili kwenye barabara ya Mombasa, utaona majengo ya Konza yamechomoza nyikani. Hapo zamani palikuwa ranchi. Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013, kwenye ekari 5,000, na leo Kituo cha Kitaifa cha Data kiko papo hapo. Swali langu ni dogo: hizo kompyuta zilizohamia malishoni zinajua kuandika neno ng'ombe?

Usicheke kwanza. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini hili halihitaji digrii. "Ng'oa" ni kung'oa mti. "Ngoa" ni wivu. Kinachotenganisha hayo mawili ni ritifaa, kale kadoa kanakoning'inia juu. Kwetu sisi hako kadoa ni sehemu ya herufi, si pambo.

Kwa kompyuta sasa, kuna ritifaa mbili. Iliyonyooka (') ni namba 39 katika ASCII, orodha ya herufi iliyotoka Marekani 1963. Iliyopinda (’) ni U+2019 katika Unicode, na ndiyo hiyo hiyo inayofunga nukuu. Unabonyeza kitufe kimoja, halafu simu au programu inakuchagulia bila kukuuliza.

Macho yako hayaoni tofauti. Mashine inaiona. Ukisajiliwa Ng'ang'a kwa iliyonyooka, karani akikutafuta kwa iliyopinda, programu isiyolinganisha hizo mbili itasema haikujui. Gavana Anyang' Nyong'o ndiye mtihani kamili: ritifaa moja iko katikati ya jina, nyingine mwishoni, mahali ambapo programu nyingi hudhani nukuu imefungwa.

Halafu kuna mtego mwingine. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhi za data, ritifaa iliyonyooka ndiyo inayofunga maandishi. Wezi huitumia kupenyeza amri zao. Mwunda programu mvivu, badala ya kuitenga data na amri, anaipiga marufuku ritifaa yenyewe. Ndiyo maana rafiki yangu aliambiwa na mtandao fulani kwamba jina alilopewa na nyanyake "lina herufi zisizokubalika". Akaitoa. Sasa kitambulisho kinasema hivi, cheti kinasema vile, na kila ofisi anaulizwa yeye ni nani hasa.

Hata mfuko unaguswa. SMS ya kawaida hubeba herufi 160. Ritifaa iliyopinda haimo katika alfabeti ya SMS, kwa hivyo ukiiweka moja tu, nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe wa chama wenye herufi 150 unageuka kuwa SMS tatu. Zidisha kwa wanachama wote, bana.

Mwaka 2023 serikali ilitangaza huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Sawa, foleni zipungue. Lakini ukihamisha nchi nzima mtandaoni, hamisha na majina yake yakiwa mazima.

Wewe unayeunda programu, Konza ama kwenye kitanda chako Rongai, kabla hujaizindua ijaribu kwa Ng'ang'a, Wang'ombe na Anyang' Nyong'o. Ritifaa zote mbili zihesabiwe kuwa kitu kimoja wakati wa kutafuta. Na wewe mwenye jina, linganisha kitambulisho na vyeti vyako leo, mapema. Ukiambiwa uitoe ritifaa, kataa kwanza, uulize kwa nini. Mwenye kurekebishwa ni programu, si wewe.