Usicheke kabambe ya shosho

Wasee, kila mara kuna mtu mtandaoni anauliza mbona kampuni za simu zisizime 2G tusonge mbele. Ati ni ya kizamani. Mimi niliacha kampasi, lakini hii hesabu haitaki digrii.

Kampuni haichagui teknolojia kwa sababu ni kali. Inachagua ile ambayo wateja tayari wanayo mkononi.

Cheki Telkom Kenya. Ilipoingia kwa simu zisizo na waya, ilianza na CDMA. Haikuwa teknolojia mbaya. Huko Marekani, Verizon iliitumia miaka mingi. Shida ni kwamba Safaricom na Kencell, ambayo leo ni Airtel, zilikuwa kwa GSM tangu 2000. Wakenya walishazoea kutoa laini kwa simu hii na kuiweka kwa ile. Simu nyingi za CDMA hazikuwa na laini ya kutoa, namba ilikaa ndani ya simu yenyewe. Ukitaka mtandao wao, nunua simu yao. Nani angekubali, na simu za GSM zimejaa kila duka? Septemba 2008, Telkom hiyo hiyo ikazindua Orange, kwa GSM.

Halafu kuna M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Menyu yake iliwekwa ndani ya laini, ndiyo maana hata simu ya bei ya chini kabisa ilituma pesa. Pesa ya watu ikishakaa kwa mtandao fulani, kuhama si mchezo.

Sasa rudi Nakuru. Hapa tauni tunabishana kuhusu 5G. Lakini panda matatu ya Molo ama Subukia, uone wazee wanalipwa pesa ya viazi na maziwa kwa kabambe. Nyingi zinashika 2G pekee. Zima 2G leo, na hiyo simu inabaki tochi.

Ndiyo, kuendesha mitambo ya zamani ni gharama, na hayo masafa yangeongeza kasi ya 4G. Nakubali. Lakini gharama haiishi ukizima 2G, unamrushia tu shosho ailipe kwa kununua simu mpya.

Kwa hivyo tuache kuuliza 2G itazimwa lini. Tuulize simu ya 4G itashuka bei lini, hadi mkulima wa Molo ainunue bila kuingia kwa deni. Siku hiyo 2G itajizima yenyewe.