Kinachomuua Nyati si Kishindo cha Bunduki

Dai linalorudiwa sana kwenye vitalu vya uwindaji ni kwamba bunduki kubwa humwangusha nyati kwa nguvu ya pigo lake. Hesabu inakataa. Risasi ya .458 ina gramu 32 hivi, nayo hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 650 kwa sekunde. Dume la nyati hufikia kilo 700. Hata risasi ikibakia yote mwilini, msukumo wake hauwezi kumsogeza zaidi ya sentimita 3 kwa sekunde. Bega la mpigaji hupokea msukumo usiopungua huo, na bado amesimama. Nyati anayedondoka palepale, mara nyingi amepigwa ubongo au uti wa mgongo.

Vipi aliyepigwa moyo? Wengi huamini haendi popote. Lakini damu ikikatika, ubongo hubaki na oksijeni ya kumtosha kwa sekunde 10 hivi au zaidi. Nyati akikimbia kilomita 50 kwa saa, muda huo unamtosha kuvuka mita 130 na kuingia kichakani. Ndiyo maana wafuata nyayo wazoefu husubiri kwanza, wakisikiliza.

Ikiwa pigo silo linaloua, hapo huletwa jina la W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Basi, wanasema, bunduki ndogo inatosha. Wanaosema hivyo wanaiacha nusu ya habari. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi hasa. Risasi zake zilikuwa ngumu, ndefu na nyembamba, zilizofunikwa gamba lote, ambazo hupenya mfupa bila kutanuka. Kilichoua ni tundu lililofika mahali pake. Asiye na shabaha ya Bell asijipime kwake. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji zinataka bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama hatari, na kwa haki kabisa.

Dai la nne ni kwamba risasi inayopasuka sana ndiyo inayoua upesi. Kwa swala mdogo, huenda. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alimpiga musi, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, huko British Columbia. Risasi zake zilipasuka begani, penye tope lililokauka, zisifike ndani. Akarudi nyumbani akabuni risasi yenye ukuta wa shaba katikati: mbele hutanuka kama uyoga, nyuma hubaki nzima na kuendelea kupenya. Ukichuna nyati aliyepigwa vizuri kwa risasi ya namna hiyo, mara nyingi utaikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, kwa kuwa ngozi ile huvutika kabla ya kukubali kutoboka.

Na ikitokeza nje, nguvu imepotea bure? Hapana. Tundu la pili huongeza damu ya kufuata. Hatari iko kwingine: nyuma ya nyati huyo huenda amesimama mwenzake, naye ataondoka na jeraha ambalo hakuna aliyeliona.

Dai la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwamba madini ya risasi, ambayo ni sumu, hubaki kwenye tundu lake. Picha za eksirei zimeonyesha chembe zilizotawanyika hata sentimita 15 kutoka njia ya risasi, nyingine ndogo mno kuonekana kwa macho wala kusikika jinoni. Nyama hiyo hugawiwa vijijini, watoto wakala. Matumbo huachwa porini, tai wakala. Huko Botswana, tai wenye mgongo mweupe walipimwa wakakutwa na sumu hiyo kwenye damu, nyingi zaidi msimu wa uwindaji. Jimbo la California lilikwisha kupiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 2019.

Risasi za shaba tupu zipo, hutanuka bila kumeguka, na zinapenya vizuri. Mwindaji bingwa, mwambie mgeni wako azilete. Akija na zile za zamani, kata nyama yote iliyozunguka jeraha, tena kwa upana, uifukie pamoja na matumbo kabla hamjaondoka.