Miaka Mia Haisherehekewi kwa Ngoma Pekee

Tumeona vyema leo kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu halina siasa ndani yake, nalo ni sherehe za mji unapotimiza miaka mia tangu kuasisiwa. Huenda wakatokea watakaouliza: chama chenye kazi nyingi kama chetu kina haja gani na ngoma za miji ya watu? Jawabu yetu ni kwamba hakuna siku ambayo siasa huvaa nguo nzuri zaidi kuliko siku ya sikukuu. Siku hiyo ndipo huamuliwa nani atatajwa na nani atasahauliwa, nani atakalishwa kiti cha mbele na nani atasimama juani. Na mwenye kuishika hadithi ya mji, aghalabu huishika na ardhi yake.

Nchini Marekani desturi hii imeota mizizi. Mji mdogo, hata wenye watu elfu moja au mbili, ukikaribia mwaka wake wa mia huunda kamati, na kamati hupanga mambo ya kufanywa mwaka mzima. Huwapo ibada ya shukrani, gwaride la beni na magari yaliyopambwa, michezo ya watoto wa skuli, maonyesho ya picha za zamani, chakula cha pamoja uwanjani, na siku ya kurejea nyumbani, ambapo waliohamia miji mikubwa huitwa warudi kuwaona wazee wao. Akina mama hukusanya mapishi ya bibi zao wakayachapa kitabu. Wengine huzika sanduku lenye barua na magazeti ya siku hizo, ili lifukuliwe na wajukuu baada ya miaka mia nyengine.

Mambo haya ni mazuri, wala hatuyadharau. Lakini uzuri wake una kipimo, na kipimo hicho tunataka kukionyesha kwa miji miwili iliyozaliwa mwaka mmoja, 1887, na ikatimiza karne mwaka mmoja, 1987. Mmoja ni Eatonville, katika jimbo la Florida. Wa pili ni Mound Bayou, katika jimbo la Mississippi.

Miji yote miwili iliasisiwa na watu weusi waliotoka utumwani, au waliozaliwa na wazee waliotoka utumwani. Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Kwa muda mfupi watu hao walipata kupiga kura na kuchaguliwa; lakini ilipofika mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yaliacha kuwalinda katika majimbo ya kusini, na wenye nguvu wa zamani wakarejea vitini. Ndipo baadhi yao waliposema: ikiwa hatutakiwi katika mabaraza ya wengine, basi na tuwe na baraza letu wenyewe.

Eatonville uko karibu maili sita kaskazini ya Orlando. Ardhi yenyewe ilikuwa shida kuipata, kwani wenye mashamba wengi wa Kizungu hawakukubali kumuuzia mtu mweusi ardhi ya kutosha kujenga mji. Mmoja wa wachache waliokubali alikuwa Josiah Eaton, na ndiyo sababu mji ukaitwa kwa jina lake; na aliyehangaika sana kuitafuta ardhi hiyo na kuigawa viwanja alikuwa Joe Clark, mwenye duka. Tarehe 15 Agosti 1887 wanaume 27 wenye haki ya kura walikutana, wakapiga kura kwamba mahali pao pawe mji kwa mujibu wa sheria, wenye meya wake na madiwani wake. Wakamchagua Columbus Boger kuwa meya wa kwanza. Watu 27! Tunawaomba wanachama wa matawi madogo, ambao hulalamika kwamba wao ni wachache, waitie hesabu hiyo moyoni.

Mbele ya duka la Joe Clark palikuwa na baraza. Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa baraza ni nini. Hapo wanaume walikaa jioni wakisimulia hadithi, wakibishana, na kushindana kwa uongo mtamu. Na pembeni alipita mtoto wa kike aliyetumwa dukani, akichelewesha miguu ili asikie. Mtoto huyo ni Zora Neale Hurston, binti wa mhubiri John Hurston ambaye naye alipata kuwa meya wa mji huo. Alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Alabama, akaletwa Eatonville angali mdogo, na maisha yake yote akapaita hapo kwao. Aliyoyasikia barazani aliyatia katika kitabu chake Mules and Men cha mwaka 1935, na mji wenyewe akautia katika riwaya yake Their Eyes Were Watching God ya mwaka 1937. Hata hivyo alifariki mwaka 1960 katika ufukara, na kaburi lake halikuwekwa jiwe la jina mpaka mwaka 1973, alipokwenda kuliweka mwandishi Alice Walker. Basi ikiwa mtu aliyeandika vitabu aliweza kulala miaka 13 bila ya jina juu yake, itakuwaje kwa wale ambao hawakuandika hata barua, bali walichimba visima na kupanda miti tu?

Mwaka 1987 Eatonville ukatimiza miaka mia. Na katika mwaka huo huo wa furaha, serikali ya wilaya ikaleta mpango wa kuipanua barabara ya katikati ya mji, Kennedy Boulevard, kutoka njia mbili hadi njia tano. Kwenye ramani ya mhandisi ule ulikuwa mstari. Kwa wenyeji ulikuwa kisu cha kuupasua mji wao mbavu huku na mbavu kule, ili magari ya watu wengine yapite upesi zaidi. Mji uliokuwa ukipongezwa kwa mkono mmoja, ulikuwa ukipimwa kamba kwa mkono wa pili.

Wenyeji hawakuridhika na pongezi. Waliunda jumuiya ya kuuhifadhi mji, wakahudhuria mikutano, wakauliza maswali, wakaeleza kwa ushahidi kwamba hapo si pahala pa kupita bali ni pahala pa kukaa. Januari 1990 wakaanzisha tamasha la kila mwaka kwa jina la Zora, lenye wataalamu, waimbaji, wachoraji na watoto wa skuli, wakawaita walimwengu waje waone kwa macho yao kile kilichotaka kusagwa na magurudumu. Mpango ule wa njia tano ukasimamishwa. Mwaka 1998 mtaa wa kale wa Eatonville ukaandikwa katika daftari la taifa la mahali pa kihistoria. Hii ndiyo sherehe tunayoisifu: sherehe iliyogeuka ngome.

Lakini mapambano ya ardhi hayana siku ya mwisho. Mwaka 1897 mwalimu Russell Calhoun na mkewe Mary walifungua Eatonville skuli ya Hungerford, ya kufundisha vijana weusi elimu na kazi za mikono, na ardhi ya skuli hiyo ikakua hata kupita eka 300. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 skuli na ardhi yake zikaingia mikononi mwa bodi ya skuli ya wilaya kwa bei ndogo, kwa sharti kwamba itumiwe kwa elimu ya watoto weusi. Miaka ikapita, sehemu moja ikauzwa, nyengine ikakatwa, skuli yenyewe ikafungwa na kubomolewa. Kiwanja cha karibu eka 100 kilichosalia kikakaribia kuuzwa kwa mjenzi wa nyumba na maduka. Na mwaka 2023, baada ya wenyeji kupinga na shauri kupelekwa mahakamani, mkataba huo ukavunjika. Wangesimamaje mahakamani lau wasingejua sharti la miaka sabini nyuma? Walisema wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba mji nao ni mali, na tarehe yake ndiyo daftari.

Sasa tuutazame ndugu yake wa pili. Mound Bayou uliasisiwa Julai 1887 katika misitu ya majimaji ya Mississippi, kando ya njia ya reli, na Isaiah Montgomery pamoja na binamu yake Benjamin Green. Walikata miti, wakakausha mabwawa, wakapanda pamba. Mwaka 1942 jumuiya ya kusaidiana iliyoitwa Knights and Daughters of Tabor ilifungua hapo hospitali ya Taborian, iliyojengwa kwa michango ya wanachama, wengi wao wakulima maskini, ili mtu mweusi apate kutibiwa kwa heshima badala ya kuingizwa mlango wa nyuma. Mganga mkuu wake wa upasuaji, Dokta T. R. M. Howard, mwaka 1951 alianzisha baraza la kudai haki, na mikutano yake ya kila mwaka ikawaleta watu kwa maelfu katika mji huo mdogo. Kijana Medgar Evers, aliyeuawa mwaka 1963 kwa ajili ya kudai haki hizo, alianzia kazi yake hapo. Ni fahari kubwa, na inastahili beni na gwaride.

Lakini iko kurasa nyengine. Mwaka 1890 wakuu wa Mississippi waliitisha mkutano wa kutunga katiba mpya, na shabaha yao ilikuwa kumnyang'anya mtu mweusi kura yake kwa hila za sheria: kodi ya kura, na mtihani wa kusoma au kueleza katiba mbele ya karani ambaye ndiye hakimu. Katika wajumbe wote, mtu mweusi alikuwa mmoja tu, naye ni Isaiah Montgomery, mwasisi wa Mound Bayou. Alisimama akaunga mkono, na akaipigia kura katiba hiyo. Alitaraji kwamba kwa kutoa kura za wenzake atanunua amani baina ya watu wa rangi mbili. Mji wake uliachwa usitawi. Bali watu weusi wa jimbo zima walikaa miaka 75 mlangoni, mpaka sheria ya haki ya kura ya mwaka 1965.

Je, katika sherehe za karne, mtu huyu atajwe vipi? Wako watakaosema asifiwe tu, kwani ndiye mwasisi, na siku ya harusi haitajwi talaka. Wako watakaosema afutwe. Sisi tunasema atajwe yote mawili, kwa sauti moja na siku moja: kwamba alikata msitu akajenga mji, na kwamba alitoa kisichokuwa chake. Kura si mali ya kiongozi aigawe apendavyo. Ni amana ya kila mwenye nayo. Watoto wanaofundishwa sifa peke yake hukua wakidhani kwamba viongozi hawakosei, na watu wenye dhana hiyo ni wepesi kutawaliwa vibaya.

Ndiyo maana tunaipendelea sherehe ya mwaka mzima kuliko ya siku moja. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, na fataki za usiku mmoja asubuhi huwa majivu. Mwaka una nafasi. Upo mwezi wa kuwakalisha wazee na kuandika wanayoyakumbuka kabla hawajaondoka nayo. Upo mwezi wa kutafuta hati za viwanja, visima na makaburi, na kuziandika upya kwa hati safi. Upo mwezi wa skuli, watoto waandike insha juu ya mitaa yao. Na upo mwezi wa mjadala, ambapo baraza la mji litasimama mbele ya raia na kutoa hesabu ya lilichofanya. Michezo iwepo, chakula kiwepo, ngoma ziwepo. Lakini sherehe ikimalizika, mji uwe umejua jambo ambalo haukulijua mwaka wa nyuma.

Tunajua hoja za wapinzani wa fikra hii. Wa kwanza husema kuwa sherehe ni upotevu wa fedha. Twamjibu kwamba karatasi ya kuandika maneno ya mzee haina bei kubwa, na kwamba upotevu mkubwa hutokea pale fedha inapokwenda kwenye mapambo, na hati za ardhi zikaliwa na mchwa. Wa pili husema kuwa kufukua ya kale huleta fitina. Twamjibu kwamba fitina huletwa na mambo yaliyofichwa. Yaliyosemwa hadharani, kwa adabu na kwa ushahidi, hayana tena pa kuotea.

Ndugu zetu wanachama, Eatonville haukufika miaka mia kwa wingi wa watu, kwani hata leo hawatimii 3,000. Wala kwa utajiri, kwani haukuwa nao. Ulifika kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu wachache waliojua mpaka wa ardhi yao uko wapi, walipiga kura, na waliosema wazi walipoona kamba ya mpimaji inatandazwa. Basi kila mmoja wetu na akae na mzee mmoja wa mtaa wake kabla mwezi huu haujaisha, amuulize nani alichimba kisima na nani alitoa kiwanja cha skuli, na majibu ayaandike kwa wino. Kazi hiyo haingoji ruhusa ya mtu, wala haingoji mwaka wa mia.