Msituuzie njaa kwa jina la mazoezi

Goma – Asubuhi za Jumapili barabara za mji wetu zinajaa watu wanaokimbia: vijana, akina mama, hata wazee wenye fimbo. Jambo zuri. Mazoezi yanasaidia mwenye tansiyo, yanasaidia mwenye ugonjwa wa sukari, na barabara haiombi franga. Hatuna ugomvi na wanaokimbia. Ugomvi wetu ni na wale wanaowafundisha watu kukimbia bila kula.

Mnawajua. Wanajiita makocha, wanafungua grupu ya WhatsApp, wanachukua franga za kujiandikisha, kisha wanatuma programu: asubuhi maji ya moto na limau, mchana pomu moja ao avoka moja, jioni si kitu. Na kilometa kumi kila siku. (Franga za kununua pomu kila siku utazitoa wapi, hapo hasemi.) Eti kwa siku kumi na nne tumbo litakuwa limekwisha.

Mimi ninasema wazi: hiyo ni njaa. Na sisi watu wa Kivu njaa tunaijua, hatuna haja ya kulipa ili mtu atuonyeshe.

Tuhesabu pamoja. Chakula mwilini ni kama makala kwenye babula, na nguvu yake inapimwa kwa kalori. Mashirika ya misaada yanapopanga mgao wa watu waliokimbia vita, yanaanzia kalori 2100 kwa mtu kwa siku. Hicho ni kipimo cha wakati wa shida, wastani wa mzee, kijana na mtoto pamoja. Familia zilizopita Bulengo, Lushagala ao Kanyaruchinya hazihitaji kuelezwa maana ya mgao uliokatwa. Sasa chukueni ile programu ya kocha. Avoka moja kubwa na pomu, hata ukila zote mbili, hazifiki kalori 500. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilometa kumi anachoma karibu 600. Maana yake yote aliyokula yameishia barabarani, na bado moyo, ubongo na figo havijapata kitu. Shirika likileta mgao wa kalori 500 tungeandamana mpaka jioni. Kocha akiuleta, tunamlipa.

Najua watakaosema haya ni maneno ya wavivu. Basi wasikie jambo lililofanyika Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka wa 1944 na 1945. Mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakitoka vitani na njaa. Vijana 36 wanaume, wenye afya, walijitolea. Kwa karibu miezi sita walipewa kalori 1570 hivi kwa siku, na walipaswa kutembea kilometa kama 35 kwa wiki. Walipungua, ndiyo, karibu robo ya uzito wao. Lakini walikuwa wanasikia baridi hata wakati wa joto, moyo unapiga polepole, hasira na huzuni juu, na mawazo yote kwenye chakula usiku na mchana. Walipoachiwa kula, wengine walikula bila kusikia kushiba, na mafuta yakarudi mwilini kupita yalivyokuwa mwanzo.

Angalieni hesabu: wao walikula 1570, mara tatu ya programu yetu ya WhatsApp, na bado mwili ulivunjika. Ndiyo maana dada aliyepunguza kilo nane kwa mwezi mmoja unamkuta kwenye Noeli amezirudisha zote na za juu. Watu wanamcheka kwamba hana moyo mgumu. Mwili wake ulikuwa unajiokoa tu.

Na mwili wenye njaa hauchagui mafuta peke yake, unakula misuli pia. Kwa wasichana hedhi inaweza kukatika. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa onyo kuhusu jambo hilo, la mwanamichezo anayefanya kazi kubwa na kula kidogo: mifupa inadhoofika, homoni zinavurugika, na wanaume hawajaachwa nje. Kama wanaoshindana kwenye Olimpiki wanaonywa, vipi vijana wetu wa mpira wanaofika uwanjani saa kumi na moja asubuhi na chai kavu tumboni?

Lakini kinachoniuma zaidi kiko mbali na wakimbiaji wa Jumapili. Mama aliyekimbia vita anafika kituo cha afya, anapimwa, anaambiwa: « Mama, una tansiyo, punguza uzito. » Dakika moja, mwingine aingie. Mama anarudi nyumbani na kupunguza kitu pekee kilicho mikononi mwake, yaani sahani yake. Tena ananyonyesha. Mama anayenyonyesha anahitaji karibu kalori 500 zaidi kila siku, nguvu sawa na ile ya kifuko kimoja cha Plumpy'Nut anachopewa mtoto ambaye ukanda wa mkono umeonyesha rangi nyekundu. Na mama huyo huyo anabeba bidoni ya maji ya lita 20, kilo ishirini mgongoni, akipanda juu ya mawe ya volkano. Nani atakayemfundisha mazoezi? Kuna hata wanaofanya mzaha kwamba waliokimbia vita wamepata rejimu ya bure. Wanyamaze.

« Lakini huyo mama ni mnene, anakula vizuri. » Hapana. Mwili mkubwa hauonyeshi kwamba mtu amekula vizuri. Bugali ya mihogo na chai ya sukari vinaweza kumnenepesha mtu huku damu imepungua na misuli haina kitu. Wazazi wa huku wameona watoto wa bwaki miguu imevimba, na hakuna aliyesema wameshiba.

Kwa hiyo waganga wetu, tunawaheshimu, lakini msiseme « punguza kula » halafu mnyamaze. Semeni kipunguzwe nini. Anzeni na chupa: bia moja kubwa ina kama kalori 300, na soda ya nusu lita inapita 200. Halafu sukari kwenye chai, mandazi, mafuta ya kukaangia. Kwa mwenye tansiyo, chumvi na kube za mchuzi. Bugali inaweza kushuka kidogo kama maharagi na lengalenga vimepanda. Maharagi yenyewe, sambaza, sombe na karanga, hivyo msimguse navyo mama wa watu. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa kwa mwenye uzito wa kupunguza, na anayenyonyesha asiharakishwe. Anayemeza dawa ya sukari ao kupigwa sindano ya insulini, asijaribu kufunga kula bila kuzungumza na muganga kwanza, maana sukari inaweza kuanguka akazimia njiani.

Na anayekimbia, ale. Ndizi ao kiazi kitamu kabla, maharagi na kitu cha kushiba baada. Si lazima pomu.

Wandugu mlio kwenye zile grupu, kocha akiomba tena franga za mwezi, muulizeni mbele ya wote swali moja: yeye mwenyewe leo asubuhi, kabla ya kukimbia, amekula nini? Kisha msubiri jibu.