WATU NA KAZI ZAO: Kapteni Lyons, Mpimaji wa Mto Nile

Katika vilima vya Taita, mkulima wa Bura aendaye kufungua mfereji huchovya mpini wa jembe majini, akatazama umelowa hadi wapi, akaamini kwamba amejua kiasi cha maji yake. Lakini mifereji miwili yaweza kuwa na kina kimoja, huu ukanywesha shamba zima na ule usimalize tuta, kwa kuwa maji ya huu huenda mbio na ya ule yamelala.

Jambo hilo lilimshughulisha sana Henry George Lyons, aliyezaliwa London mwaka 1864, ofisa wa kikosi cha mainjinia wa jeshi la Uingereza. Alipelekwa Misri mwaka 1890. Kwanza alichunguza miamba, lakini katika Idara ya Upimaji, aliyoiongoza mpaka mwaka 1909, mto ndio uliomshika. Wamisri walipima kimo cha Nile tangu zama za Mafarao. Kiasi cha maji yapitayo ni habari nyingine. Ili kukijua, hupimwa upana wa mto, kina chake mahali pengi, na mwendo wa maji kwa chombo chenye gurudumu dogo linalozungushwa na mkondo. Ni kazi ya jua kali na subira.

Juu ya Khartoum, Nile Nyeupe itokayo Ziwa Victoria huinuka wakati wa gharika. Mtazamaji angesema maji yamezidi. Kumbe Nile ya Buluu, iliyoshiba mvua za Uhabeshi, imeziba njia, na mwenzake anangoja! Tena karibu nusu ya maji ya maziwa hupotea katika matete ya Sudan ya Kusini. Basi gharika ya Misri ilitoka Uhabeshi. Maji ya maziwa huuokoa mto wakati wa kiangazi. Hayo Lyons aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1906. Baadaye aliongoza Makumbusho ya Sayansi ya London, akapewa cheo cha Sir, akafa mwaka 1944.

Mwaka 1929 Uingereza iliiahidi Misri kwamba katika nchi ilizozitawala halitajengwa bila idhini ya Misri jambo lolote la kupunguza maji ya Nile, mito yake wala maziwa yake. Nzoia na Yala ziliingia humo, na wakulima wake hawakuulizwa. Tanganyika ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na ahadi hiyo. Vijito vya Bura havimo, maana haviendi Nile. Huko mtu hupatana na jirani yake aliye chini ya mfereji.