PS ni ya kwenda kucheza, si ya kununua

Kila wiki kuna msee ananiuliza: "Buda, nimeweka elfu thelathini na tano, nichukue PS4 ama kompyuta?" Kila wiki jibu langu ni lilelile, na kila wiki kuna mtu ananiita msaliti wa mtaa. Sawa, niiteni.

Chukua kompyuta. Kama hiyo ndiyo pesa yako ya kwanza ya maana na hujui ya pili itatoka wapi, chukua kompyuta, hata ikiwa nzee, hata feni yake ikinguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

Mimi nilianza kwa kukosea. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo iligoma, hiyo ni stori ya siku nyingine), nilikuwa na pesa kidogo niliyoweka nikiuza fulana za mitumba. Nikanunua PS4 iliyotumika, na padi mbili. Wiki tatu za kwanza nilikuwa mfalme wa ploti. Wasee wanaingia keja saa nane mchana wanatoka usiku, wamekula tokeni zangu za stima na mkate wangu, na hakuna aliyewahi kuniachia hata mbao. Halafu mathe akanitembelea kutoka ushago na gunia dogo la viazi. Akaiangalia ile mashine, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na hiki, ukishamaliza kucheza, kinafanya nini kingine?" Nikamwambia kinaonyesha filamu. Akasema, "Haya." Manze, hiyo "haya" iliniuma kuliko matusi.

Najua mtakachosema. PS haina stresi: unachomeka, unawasha, unacheza. Ni kweli. Lakini bei ya mashine ni kiingilio tu. Kwa PS4 na PS5, gemu nyingi ulizonunua kwa pesa yako huwezi kuzicheza na watu mtandaoni bila kulipia PS Plus, isipokuwa zile za bure kama Fortnite. Yaani umenunua mashine, umenunua gemu, umenunua bando, halafu unalipa tena ndio upate mtu wa kucheza naye. Kwa kompyuta hakuna hiyo kodi.

Na kuna hili ambalo wengi mnalijua na hamtaki kulisema. Fungua akaunti ya PlayStation kwa haki, utafute Kenya kwenye orodha ya nchi. Haimo. Ndio maana akaunti zetu zinaishi Marekani na Uingereza, na tunatafuta kadi za kujazia za dola kama watu wa magendo. Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PSN, na gemu ikatolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Wachezaji wakapiga kelele hadi Sony ikaondoa hilo sharti. Lakini swali langu linabaki: mbona unampa pesa yako yote ya kwanza mtu ambaye hajakuwekea hata jina la nchi yako? Steam inakufungulia ukiwa hapa hapa Kenya. Bei zake ni za dola, hiyo inauma, lakini punguzo likifika gemu inashuka hadi bei ya chips na kuku. Epic nao hutoa gemu za bure kila wiki. Mei 2020 walitoa GTA V yenyewe.

Sasa nyinyi wa kompyuta msianze kujipiga kifua. Nusu ya shida mmeileta nyinyi, na hizo taa za rangi na hizo kadi za bei ya bodaboda. Mnamtisha kijana hadi anaona kompyuta ni ya watoto wa Runda. Yangu ni Dell OptiPlex ya i5 iliyotoka ofisi fulani Uingereza, zile zimejaa Moi Avenue. Sh16,000. Nilikaa nayo miezi minne bila kadi ya grafiki, nikicheza gemu za zamani tu na kuediti video polepole. Video ya kwanza iliyonilipa ilikuwa ya harusi ya jirani, Sh3,000. Pesa za hivyo ndizo zilinunua GTX 1650 ile fupi, isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, juu pawa saplai ya hizi mashine za ofisi ni dhaifu. (Pima kasha kabla ya kununua. Mimi nilirudi dukani mara mbili.) Kompyuta unaijenga vile wazazi wetu wanajenga nyumba: msingi mwaka huu, mabati mwaka ujao. PS huwezi kuijenga. Ikizeeka, unaanza na mashine nyingine kutoka sufuri.

GTA VI? Ndio, imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series, kompyuta haikutajwa. GTA V pia ilitoka 2013 na ikafika kwa kompyuta 2015. Nitangoja. PS5 inapita elfu sitini, na kwangu hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi mingi.

Mtu mmoja tu ndiye namwambia anunue PS: anayetaka kufungua chumba cha gemu. Huyo anunue hata tatu na benchi. Maana utamu wa PS kwetu haujawahi kuwa sebuleni peke yako. Ni pale kibandani, watu kumi nyuma yako wakikuzomea, aliyefungwa analipa.

Yangu niliuzia jamaa wa ploti ya pili, akafungua kibanda. Jumamosi naenda hapo, mechi moja mbao, tokeni ni zake. Ile padi ambayo L1 yake inaganda bado naijua. Huwa nampa mpinzani.