Mfuko wa CAN na Moshi Wake

Mzee mmoja wa Bungoma alifika ofisini kwetu hapa Kitale kuulizia CAN ya kukuzia mahindi. Akaniuliza, "Karani, mbolea hii huchimbwa wapi?" Nikamwambia haichimbwi. Naitrojeni yake hutolewa katika hewa hii tunayovuta, ikaunganishwa na haidrojeni ikawa amonia. Hewa ni ya bure. Kazi iko kwenye haidrojeni, na moshi pia.

Viwanda vingi duniani huitoa katika gesi asilia, na kila kilo ya haidrojeni huacha angani kilo 9 au 10 za hewa ya ukaa. Vingi vya China hutumia makaa ya mawe. Hapo ni kilo 18 au zaidi. Njia nyingine ni kuyapasua maji kwa umeme. Maji hayana moshi, lakini umeme ukiwa wa makaa ya mawe, uchafu huzidi hata ule wa gesi.

Nilisomea ualimu, basi nivumilieni kwa hesabu. Mfuko wa CAN wa kilo 50 una naitrojeni kilo 13, na hiyo yataka haidrojeni karibu kilo 3. Kwa gesi, hewa ya ukaa ni kilo 27 hivi. Kwa makaa ya mawe hufikia uzito wa mfuko wenyewe! Kwa maji, yatosha debe moja na kitu, pamoja na umeme yuniti 140 hivi.

Umeme usio na moshi tunao: mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Septemba 2023 Serikali ilitangaza Nairobi mpango wa haidrojeni ya namna hii, na karibu na Naivasha umejengwa mtambo mdogo wa amonia unaotumia jua. Mimi naunga mkono, ila wenye kutumia maji ya huko waulizwe kwanza, na gharama asitwikwe mwenye eka mbili. Tusisahau mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi, mfuko wa DAP ukapita shilingi 6,000. Moshi ni wa mbali, lakini bei ilitufikia hapa hapa.

Tena naomba kila mfuko uandikwe haidrojeni yake ilitoka wapi. Yule mzee aliugeuza mfuko wake pande zote mbili, nami nikamsomea kila neno. Uzito ulikuwapo, na naitrojeni asilimia 26. Hilo la haidrojeni halikuwapo.